Tulivyokuza kiwanda chetu cha milango na madirisha, na kipimo kilivyotaka kutuzamisha

Nyuma ya kiwanda chetu kuna fremu za alumini zimeegemezwa ukutani, rangi ya kahawia, zote saizi moja. Zilikuwa 64, sasa zimebaki 11. Kijana yeyote tunayemwajiri, siku ya kwanza namsimamisha mbele ya hizo fremu kabla hata hajaonyeshwa mashine. Ndugu zangu mnaofikiria kufungua karakana ya milango na madirisha, au mnayo tayari na mnataka ihudumie miji ya jirani, naomba msome mpaka mwisho maana haya yalitugharimu hela na yakatugharimu pia amani ya nyumbani.

Baba alianza kama fundi seremala, peke yake, kibanda kimoja na benchi moja. Kila kitu alifanya kwa mikono yake. Anaenda saiti na futi yake, anapima, anarudi anapasua mbao, anachonga viungo, anaunga, anapiga randa, alafu mlango ukishaisha anaupakia na anaenda kuufunga mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya pili ya futi. Na hakuwa anapima mara moja, upana anapima juu, katikati na chini, urefu anapima kushoto, katikati na kulia, akimaliza anavuta futi kutoka kona hadi kona, hii na ile, kama hazilingani anajua shimo limeenda upande. Kwenye zile namba anachukua ile ndogo kuliko zote. Anaziandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao, sio karatasi, na hicho kipande kinakaa juu ya benchi mpaka mlango utoke. Mimi nilikuwa naona anapoteza muda tu, nikawa najiambia siku nikishika mimi hii kazi nitapima mara moja na kuondoka.

Hasara yetu ya kwanza kubwa ilikuwa ya mbao. Tulipata oda ya milango mingi kwa mara moja, mteja ana haraka, na mbao kavu hatukuwa nazo za kutosha. Baba alikuwa safarini, mimi na kaka tukanunua mbao ambazo kwa macho zilionekana ziko sawa. Mbao ikianikwa kivulini ikipitiwa na upepo tu, hesabu ya mafundi ni karibu mwaka mzima kwa kila unene wa sentimita 2.5, yaani mbao ya inchi moja mwaka, ya inchi mbili miaka miwili. Sisi zile zetu zilikuwa na wiki chache toka zipasuliwe. Kosa la pili nililifanya mwenyewe kwa mkono wangu. Ule ubao wa katikati ya mlango, unaokaa ndani ya mfereji wa fremu, mimi niliupaka gundi pande zote nne nikidhani naongeza uimara. Ule ubao hautakiwi gundi, unatakiwa uelee ndani ya mfereji, kwa sababu mbao inanenepa na kusinyaa kwa upana wake kila hali ya hewa ikibadilika. Ukiushika kwa gundi hauna pa kwenda. Miezi mitatu baadae milango mingi ilikuwa imepasuka katikati, ufa ulionyooka kutoka juu mpaka chini, mwanga unaonekana upande wa pili. Tuliirudia yote bure. Baba hakutugombeza, alichukua mlango mmoja uliopasuka akauweka nyuma ya mlango wa ofisi, ukakaa pale miaka.

Alafu wateja wakaanza kuuliza alumini. Mwanzo mmoja mmoja, baadae kila wa pili, na baba akawa anakataa, anasema yeye ni seremala. Kuna muuzaji wa profaili, yaani zile fito ndefu za alumini za kutengenezea fremu, alikuja mara tatu kumshawishi, akamsimulia kuwa alumini zamani ilikuwa kitu cha anasa kwa sababu kuitoa kwenye udongo wake kulikuwa kugumu sana, mpaka mwaka 1886 ambapo Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake na mwaka huohuo mmoja, wakagundua namna ya kuitenganisha kwa umeme, ndio maana leo inafika mpaka kwenye dirisha la mtu wa kawaida. Baba alisikiliza kwa heshima tu. Kilichomgeuza ni pale yule muuzaji alipoweka profaili kwenye mashine akaikata nyuzi 45, akakata na mwenzake, akaziunganisha kona. Baba alipitisha ukucha kwenye ile kona haukukwama. Akasema tununue mashine moja.

Hapo nataka mtu anayeanza anisikilize vizuri, kutoka mbao kwenda alumini sio kubadilisha malighafi tu, ni hesabu nyingine kabisa. Mfano mdogo. Profaili kwetu zinakuja za mita 6. Mteja anataka vipande vya mita 1.5, unasema safi, sita gawanya kwa moja na nusu ni vinne. Havitoki vinne! Msumeno wenyewe unakula milimita 4 hivi kila unapokata, kwa hiyo unapata vitatu na kipande cha nne kinapungua kidogo tu, lakini kimepungua, hakifai. Umebaki na karibu mita moja na nusu ya mabaki. Vipande vya mita 1.45 vinatoka vinne na kinabaki kipande kisichozidi sentimita 20. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapiga bei kwa hesabu ya mteja, sio hesabu ya msumeno, na faida yote ilikuwa imelala kwenye rundo la mabaki. Siku hizi hatutoi bei kabla ya kuchora kwanza vipande vinavyokaa kwenye kila profaili.

Kitu kingine ni jua. Tulimfungia mteja mmoja mlango mkubwa wa kusukuma, rangi nyeusi, upana wa mita 4, umetazama magharibi. Asubuhi unateleza vizuri kabisa, saa tisa mchana unakwama. Tukabadilisha roli, vile vigurudumu vinavyoteleza mlango. Ukakwama. Tukabadilisha roli tena, zile za bei kubwa. Ukakwama tena, na mteja akaanza kuongea vibaya kuhusu sisi. Nilienda kukaa pale kutwa nzima nikiwa na futi, napima pengo la pembeni kila baada ya saa moja, na niliona kwa macho yangu pengo linafunga kidogokidogo kadiri jua linavyousogelea mlango. Alumini inarefuka karibu milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto, fanya mita 4 na joto lipande nyuzi 40, maana jeusi likipigwa na jua linapanda kweli, unapata karibu milimita 4. Sisi tulikuwa tumeacha 2. Zile roli hazikuwa na kosa lolote. PVC, ile plastiki ya madirisha, ndio inarefuka zaidi, kama mara tatu ya alumini, kwa hiyo anayefanya hiyo awe na nafasi kubwa zaidi.

Kioo nacho kilitufundisha kwa namna yake. Uzito wake kila mtu aukariri, kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kioo cha milimita 6 ni kilo 15, mlango wenye mita mbili za mraba umebeba kilo 30 za kioo peke yake na bawaba zinatakiwa zichaguliwe kwa uzito huo. Milango yetu ya mwanzo ilikuwa inalegea upande wa kitasa, inakwaruza sakafu. Fundi mmoja mzee aliyekuja kutuomba kazi alituonyesha dawa yake, vile vipande vya plastiki vya kuegemezea kioo unaviweka chini upande wa bawaba na juu upande wa kitasa, kioo kinakuwa kama mhimili wa kwenda kona kwa kona, kinaushikilia mlango usiiname. Alivichomeka mbele yetu, vipande viwili tu, mlango ukanyanyuka! Tulimwajiri siku hiyohiyo. Yeye ndiye aliyetufundisha pia kwamba vioo vinasimamishwa kwenye stendi yake vikiwa vimeegemea kidogo, havilazwi chini, na vikae pakavu, maana maji yakiingia kati ya kioo na kioo yanaacha ukungu mweupe usiotoka hata usugue na nini.

Kazi ikapanuka. Tukaanza mji mmoja wa jirani, ukaja wa pili, mpaka tukawa tunapeleka miji sita. Watu wakaanza kutuita kampuni. Kaka akashika ofisi na mauzo, mimi nikashika karakana, tukaajiri vijana wawili wa kupima wanaozunguka na pikipiki, na ufungaji tukawapa mafundi wa kulekule kila mji, tunawalipa kwa dirisha. Kwenye karatasi ilionekana vizuri sana. Na mimi ndiye niliyepanga hivyo, nasema wazi ili isionekane namsukumia mtu mwingine. Kitu ambacho sikukiona ni kwamba kazi aliyokuwa anaifanya baba mwenyewe kwa mikono yake miwili, tulikuwa tumeigawa kwa watu watatu wasiojuana, anayepima hajui anayekata, anayekata hajawahi kumuona anayefunga.

Ndio ikaja ile oda ya madirisha 64. Jengo kubwa, madirisha yote sawa, oda ambayo ikikamilika inalipa mkopo wa mashine. Kijana wetu akaenda kupima, ukuta bado ni tofali tupu haujapigwa lipu. Shimo la tofali upana lilikuwa milimita 1540. Yule kijana hakukosea, alijua lipu itakula 15 kila upande, akabaki na 1510, akatoa 10 za nafasi ya kufungia, akaandika 1500. Yaani aliandika saizi ya fremu. Urefu vilevile. Ofisini wakasoma 1500 wakaona ni shimo la tofali, kwa sababu fomu yetu ilikuwa na sehemu imeandikwa "upana" basi, haisemi upana wa nini. Wakatoa lipu tena, wakatoa nafasi tena. Ikashuka karakana 1460. Na mimi nikakata 1460, fremu 64, siku nne mfululizo, nikiwa na furaha kwa sababu kipimo kilikaa vizuri kwenye profaili na mabaki yalikuwa machache.

Kule saiti fundi wa kufunga alipoweka la kwanza akaona pengo la sentimita mbili na nusu kila upande, kidole gumba kinapita bila kugusa ukuta, na juu sentimita tano. Hakutupigia simu. Simlaumu sana sasa hivi, analipwa kwa dirisha, kupiga simu ni kusimamisha kazi na siku hiyo alale bila kitu. Akajaza saruji na silikoni, ile gundi ya kuzibia mapengo, akaendelea na la pili. Na ile silikoni ilikuwa ile inayonuka kama siki, ambayo haishiki vizuri kwenye saruji na sio rafiki wa alumini, inatakiwa ile isiyo na asidi. Saruji mbichi nayo inakula rangi ya alumini, ukiiacha ikauke juu yake inaacha doa.

Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, simu zilianza alfajiri. Nilifika nikakuta maji yanashuka ndani ya kuta kwenye kila chumba. Nilishika pembe ya dirisha moja nikasukuma kidogo tu, saruji ikadondoka ikiwa na silikoni yake imeng'ang'ania kama ngozi. Nilichofanya baada ya hapo najutia kuliko lile kosa lenyewe. Badala ya kusema ukweli, nilimwambia mwenye jengo tutaziba vizuri zaidi. Tukaziba wiki nzima. Mvua ikaja tena, maji yakaingia tena, na sasa mteja alikuwa ana makosa mawili ya kutudai, kipimo na uongo. Kama siku ile ya kwanza ningesema tumekata ndogo tutarudia, tungepoteza hela ileile lakini tusingempoteza yeye.

Tulitoa yote 64. Fremu ndogo huwezi kuikuza, ndio ubaya wake, kubwa unaipunguza ila ndogo imeshaisha. Vioo vya kawaida tulivihifadhi tukavikata kwa kazi nyingine. Lakini kwa milango ya jengo lilelile, ambayo ilifuata hesabu ileile ya makosa, tulikuwa tumeagiza vioo vya usalama, vile vinavyopashwa moto zaidi ya nyuzi 600 alafu vinapozwa ghafla. Hivyo vikishapita kwenye tanuru havikatwi tena, ukijaribu vinamwagika vyote punjepunje. Vilikuwa takataka. Tukaongeza mkopo juu ya mkopo kununua malighafi upya. Faida ya mwaka ule yote ilienda na kipande cha mwaka uliofuata, mishahara ikachelewa miezi miwili, mafundi wazuri wawili wakaondoka na nisingeweza kuwazuia. Mimi na kaka tuliacha kusalimiana. Tupo jengo moja tunatumiana karatasi kwa kupitia kijana wa stoo, yeye anasema karakana walikata bila kuuliza, mimi nasema ofisi waliandika bila kuuliza, na wote tulikuwa tunasema kweli.

Baba alikuwa ameshastaafu. Alikuja siku moja bila kuitwa, akatoa futi yake mfukoni, akaomba futi zote za kiwandani zikusanywe. Zilikuwa tisa. Akaziweka zote juu ya profaili moja iliyokatwa mita moja kamili. Mbili zilikuwa zinasoma tofauti, moja kwa milimita 2, nyingine 3, kwa sababu ile ndoano ya mbele ilikuwa imepinda kwa kudondoshwa. Hazikuwa chanzo cha hasara yetu, ila tulikuwa nazo na hatukujua. Alafu akauliza, aliyepima lile jengo ni nani? Akaitwa yule kijana, anatetemeka. Baba akamuuliza, uliwahi kurudi kuona dirisha lako limekaaje? Kijana akasema hapana mzee, hakuna aliyenituma. Baba akatuangalia mimi na kaka, hakusema kitu kingine.

Mabadiliko yalianzia hapo. Fomu tuliichana, mpya ina mistari mitatu kwa kila dirisha, shimo la tofali, shimo baada ya lipu, na saizi ya fremu, na kila mstari una jina la aliyeujaza. Karakana hairuhusiwi kutoa kitu chochote kwenye namba, kama mstari wa fremu uko wazi karatasi inarudi. Kupima kabla ya lipu tuliacha kabisa isipokuwa mwenye jengo asaini kwamba lipu itaishia kwenye alama tuliyoiweka. Tunapoteza wateja kwa hilo, wapo wanaotaka madirisha yawe tayari siku lipu inakauka, tunawaambia hapana. Oda ikiwa ya dirisha zaidi ya kumi tunakata moja tu kwanza, linaenda linafungwa, likikaa ndio tunakata mengine. Na aliyepima ndiye anayeenda kulifunga hilo la kwanza, akiwa na fundi wa kule. Hii inatula mafuta na siku mbili za kazi, kaka aliipinga sana mwanzoni kwa sababu ya gharama, mpaka ilipotokea mara ya kwanza kijana amerudi na dirisha mkononi anasema jamani halijakaa, naomba nipime upya. Dirisha moja. Kaka ndiye aliyempa mkono.

Mafundi wa kufunga tulibadilisha malipo yao pia. Akikuta pengo lisilo sawa akatupigia simu, siku hiyo analipwa kama amefunga. Watu wanatuambia watatudanganya. Mpaka sasa simu nyingi tulizopigiwa zilikuwa na sababu.

Futi zinalinganishwa kila Jumatatu. Na vijana wa kupima tumewazoesha wasianzie kwenye ndoano wakiwa na kipimo muhimu, waanzie kwenye alama ya sentimita 10 alafu watoe 10 mwishoni, hivyo hata ndoano ikiwa imepinda haina la kufanya.

Yule kijana aliyepima lile jengo bado tuko naye, sasa ndiye msimamizi wa wapimaji wote. Wiki iliyopita alinipigia usiku yuko mji wa mbali, anasema bosi, kona kwa kona inapishana milimita 18, na mteja yupo hapa pembeni ananiambia niandike tu hivyohivyo. Nikamuuliza upana na urefu, 1500 kwa 1200. Nikapiga hesabu, huo ukuta umeenda upande zaidi ya sentimita moja, fremu iliyonyooka ingegusa upande mmoja juu na upande mwingine chini. Nikamwambia mpe simu mteja. Tuliongea kama dakika ishirini, alikasirika, mwisho akakubali fundi wake wa lipu arekebishe upande mmoja. Kijana akalala kulekule siku tatu. Alhamisi akatuma picha ya futi ikiwa imenyooshwa kona kwa kona, alafu picha ya kona ya pili, namba zilezile. Tukakata.